Taji Lisilolia

Lubumbashi, Katuba, Jumapili jioni

Mama,

Nakuita hivyo kama nilivyokuita tangu siku ulipopewa jina la mama yangu mzazi. Nimejaribu kukutumia ujumbe wa sauti mara tatu. Umeme unakatika, mtandao nao unaondoka, maneno yanabaki njiani. Nimeona heri niandike, mdogo wako azipige picha karatasi hizi akutumie.

Kuna neno nililokuambia pale uwanja wa ndege wa Luano, sanduku lako likiwa limeshapimwa. Nilisema: "Unaacha shaba ya kweli, unaenda kutengeneza vitu vya uongo." Hukunijibu. Ulinishika mkono, ukaingia. Neno lile limenikaa kooni tangu siku hiyo. Leo naomba unisamehe.

Wiki yako ya kwanza kazini, huko Ufaransa unakotengeneza vifaa vya jukwaani, ulituonyesha taji kwenye simu. Mama yako akasema ni dhahabu tupu. Kisha ukaligonga kwa ukucha, likalia kama boksi la karatasi. Wote wakacheka, mimi nikanyamaza, nawe ukadhani nimechukia. Sikuchukia, mwanangu. Nilikuwa nimekumbuka jambo ambalo sikuwahi kukusimulia.

Nilipokuwa na miaka 19, vijana wa parokia tulicheza mateso ya Bwana siku ya Ijumaa Kuu. Kwa kuwa nilikuwa najifunza kufua shaba, nikapewa kazi ya kofia za askari wa Kirumi. Shaba ya kofia 6 nani angeilipa? Nikakata madebe ya mafuta ya kupikia, nikayapinda, nikayapaka rangi. Kwa mbali zilikuwa kofia kabisa. Lakini nilikuwa nimefikiria macho ya watu waliokaa kwenye mabenchi, basi. Ukingo wa ndani sikuukunja. Askari mmoja alipoinama kumfunga Yesu kamba, bati likamchana juu ya nyusi. Watu wakadhani damu ile ni ya mchezo. Alivumilia hadi mwisho, jioni akashonwa nyuzi 4. Kovu analo hata leo. Tukikutana sokoni hunisalimia kwa uzuri wote, na jicho langu halina pengine pa kwenda ila kwenye lile kovu.

Kwa hiyo uliponieleza kwamba taji mmelivisha kitambaa laini kwa ndani, kwamba mmelipima kichwani mwa mwigizaji mwenyewe, na kwamba sharti liwe jepesi kwa sababu atalivaa usiku baada ya usiku, nikajua unaifanya vizuri kazi niliyoifanya vibaya. Ningelifua mimi, kwa bamba la milimita 1 na kimo cha sentimita 10, lingezidi nusu kilo kabla hata ya mapambo. Mtu atasemaje maneno ya mfalme huku shingo inamuuma?

Halafu kile kiti cha Molière, yule mwandishi na mwigizaji wa michezo, ulichokwenda kukitazama Paris, pale ukumbi wa Comédie-Française. Molière tulisomeshwa shuleni, lakini habari ya kiti hakuna aliyetuambia. Kwamba alikikalia akiigiza mgonjwa jioni ya tarehe 17 Februari 1673, ugonjwa wa kweli ukamshika palepale jukwaani, akafa nyumbani kwake usiku uleule. Kwamba wenzake waliendelea kukitumia kwenye mchezo huohuo hadi 1879, zaidi ya miaka 200, ndipo kikapumzishwa na nakala yake ikashika kazi. Nimemwaza sana fundi aliyepewa ile nakala. Alijua watu watakwenda kukistahi kile cha zamani, na chake ndicho kitakachokaliwa. Sisi tulikua na michezo ya kuigiza ya Mufwankolo kwenye redio na televisheni, kwa Kiswahili chetu hikihiki, majirani wamejaa sebuleni, na sikuwahi kujiuliza fimbo aliyoishika mtu pale ilichongwa na nani.

Umesema pia kuna meza nyuma ya pazia ambapo kila kitu kimechorewa mahali pake na kuandikwa jina, na baada ya onyesho mnaihakiki kabla ya mtu kwenda nyumbani. Hilo lilinifurahisha kuliko yote. Unaukumbuka ukuta wa karakana yetu, kila nyundo na msumari wake? Ulikuwa na miaka 7 ulipoanza kunirudishia nyundo bila kuuliza ni ya msumari upi.

Sasa nisikilize kwa makini. Nimesafisha shaba kwa asidi miaka 30 katika chumba chenye dirisha moja dogo. Aliyenifundisha hakuniambia nifunike pua, naye hakuambiwa na mtu. Ukinisikia nakohoa kwenye simu, ndiyo hiyo. Wewe una ile povu nyeupe ngumu wanayofungia televisheni, mnaikata kwa waya wa moto na inatoa moshi. Una rangi za kupuliza. Una vumbi la mbao zilizosagwa na kugandishwa kwa gundi. Vaa barakoa yenye vichujio, hata kama kazi ni ya dakika 5, hata kama wenzako wazee hawavai. Na usione uvivu kupaka vitambaa ile dawa ya kuzuia moto. Mdogo wako alinisomea habari za ukumbi wa Iroquois, Chicago, tarehe 30 Desemba 1903: taa ilitoa cheche, pazia likashika, milango mingine ilikuwa imefungwa, wakafa watu zaidi ya 600, wengi wao wanawake na watoto. Na ukumbi ule ulikuwa umetangazwa kwamba hauungui. Sikulala vizuri usiku huo.

Mengine nayapitia haraka. Mshahara wa kwanza usiutume wote. Nunua kwanza viatu vya baridi. Mama yako anauliza unga wa bukari unapatikana wapi huko, mjibu yeye mwenyewe, mimi ameshanichosha.

Narudi kwenye taji. Ulisema kwenye mazoezi mfalme analivua na kuliweka mezani, na mwongozaji hakuridhika kwa sababu halisikiki. Mmejaribu kubandika vipande vya chuma chini, bado sauti ni butu. Nimelilalia jambo hili siku nne. Kosa ni gundi, mwanangu. Chuma kilichogandishwa pande zote hakiwezi kulia, ni kama kengele uliyoishika kwa kiganja. Kinachotakiwa ni ukanda mwembamba wa shaba, upana wa kidole, uzunguke ukingo wa chini na ushikwe mahali 3 tu, kwingine uwe huru.

Na shaba yenyewe lazima ifuliwe. Unakumbuka: chuma cha patasi ukikitoa motoni chekundu na kukichovya majini kinakuwa kigumu, lakini shaba inalainika. Ikiwa laini inakubali kupindwa, ila haina sauti. Inabidi kuirudia kwa nyundo ndogo, taratibu, mpaka igangamae tena. Ni kule kugongwa kunakoipa mlio. Huko kwenu sijui nani ana mkono wa kazi hiyo, na wewe uliondoka kabla sijakufundisha sehemu ya mwisho. Nitaufua mimi. Hautapita gramu 80, shingo ya mfalme haitaudhika.

Mtoto wa jirani yetu wa nyumba ya pili anasafiri kuja Ufaransa mwezi ujao na amekubali kuubeba. Pima ukingo wa chini wa taji, kwa ndani na kwa nje, unitumie kwa milimita kabla ya Jumatano. Bamba nimeshalichagua, liko juu ya meza.

Baba yako