Breka haioni kila hitilafu ya umeme nyumbani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie nyaya za umeme majumbani. Nyumba ikiungua, neno la kwanza kusikika ni "shoti", na mazungumzo huishia hapo, kana kwamba shoti hutokea ghafla bila kutanguliwa na chochote. Kazi yangu ni ufundi umeme, na mara nyingi ninachokikuta ni dalili za siku nyingi ambazo wenye nyumba walikuwa wakiziona, ila walikwisha kuzizoea.

Kinachowatuliza watu isivyostahili ni breka, ile swichi ya kwenye boksi la umeme inayojizima yenyewe. Wengi huamini kwamba kukiwa na hitilafu breka itakata, na maadamu haijakata, mambo ni shwari. Kumbe breka ya kawaida hukata pale umeme unapozidi kiwango ilichowekewa, au waya wa moto, unaoleta umeme, unapogusana na nyutro, waya unaourudisha. Waya uliolegea nyuma ya soketi haumo katika hayo mawili. Pasi ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta takriban ampia 9, na skrubu ikilegea ampia hizo haziongezeki, kwa hiyo breka ya ampia 16 au 20 haina sababu ya kukata. Lakini pale kwenye skrubu, ambapo waya sasa unagusa chuma kwa sehemu ndogo tu, umeme hupita kwa shida na joto hupanda. Joto huzidi kuulegeza muungano, na muungano ukilegea zaidi joto nalo huongezeka, hadi plastiki ianze kuyeyuka. Muda wote huo pasi inanyoosha nguo kama kawaida.

Ndiyo maana pua, macho na masikio ya wenye nyumba huweza kutambua kile ambacho breka haikioni. Ukichomoa plagi, itazame: pini moja ikiwa imebadilika rangi kuliko wenzake, na kwenye soketi kukawa na alama ya kahawia kuzunguka tundu moja, basi hapo ndipo penye skrubu iliyolegea au bati la ndani lililochoka kubana. Harufu ya plastiki inayoungua, ambayo wengine huifananisha na ya samaki, haipaswi kufukuzwa kwa kufungua madirisha. Vilevile swichi yenye afya hailii wala haivumi. Ikianza kutoa sauti ya mafuta yanayokaangika, ndani yake kuna cheche.

Taa nazo zina lugha yake. Taa moja ikipepesa peke yake, huenda ni balbu au holda. Lakini zikiwapo taa zinazofifia huku nyingine ziking'aa kupita kiasi, shuku kwamba nyutro imelegea au imekatika, na hapo usingoje kesho. Zima swichi kuu mara moja, kwa sababu katika mfumo wa fezi tatu, yaani wa nyaya tatu za moto, baadhi ya soketi zinaweza kupata volti zinazokaribia 400, nazo friji na televisheni hazikuundwa kustahimili hivyo.

Lipo pia jambo ambalo familia nyingi hulichukulia kama mzaha: friji inayomtekenya anayeigusa, hata mgeni akaambiwa avae viatu kwanza. Aghalabu huo ni umeme unaovujia kwenye bati, na waya wa ethi, ambao kazi yake ni kuuondoa, ama haukuwekwa ama umekatika. Nyumba yenye kifaa cha kukata umeme unaovuja, ambacho kwa kawaida huwekwa cha miliampia 30, ina kinga bora, mradi kitufe chake cha majaribio kinabonyezwa mara kwa mara. Kikibonyezwa na umeme usikatike, kifaa hicho ni pambo.

Nawalaumu pia baadhi ya mafundi wenzangu. Mteja akilalamika kwamba breka inajizima kila mara, wao hufunga kubwa zaidi na kuondoka wakishukuriwa, huku waya ukiwa ni uleule mwembamba, na tangu siku hiyo hakuna kinachoulinda. Ukaguzi wa kweli unahitaji vipimo vya ethi na vya mpira unaofunika nyaya; bisibisi yenye kitaa huonyesha tu kwamba umeme upo, basi.

Mwisho, kwa anayemsubiri fundi: kuacha kuitumia soketi iliyoungua hakutoshi. Soketi nyingi huunganishwa kwa mfululizo, hivyo umeme wa birika lililochomekwa chumba cha pili unaweza kuwa unapita kwenye skrubu ileile iliyolegea, ingawa soketi yenyewe haina kitu. Zima breka ya mkondo huo wote, yaani ya soketi zote zilizoungana nayo, mpaka fundi afike.

Msomaji wako,
Fundi Umeme