Muuza njugu hakuninyang'anya kitu

Mhariri,

Mimi ni fundi wa nguo hapa Bondeni, Nakuru. Kila jioni kijana Mrundi hupita mlangoni pangu na ndoo ya njugu karanga, kopo la makaa katikati ili zisipoe. Wiki jana wanaume wawili walizimwaga mtaroni wakifoka, "Rudi kwenu, mnatumalizia kazi!" Akakimbia, ndoo akaiacha.

Mwili ulinisisimka. Januari 2008, kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, niliambiwa maneno hayo hayo, "rudi kwenu", mimi Mkenya mwenye kitambulisho, nikalala na wanangu uwanja wa Afraha. Mei mwaka huo huo, Afrika Kusini ikawaka chuki dhidi ya wageni. Waliouawa walikuwa 62, na 21 kati yao walikuwa raia wa nchi hiyo hiyo. Ukishaanza kumsaka mgeni, hata mwenyeji hasalimiki.

Kazi ni shida, nakubali. Kifungua mimba wangu ana diploma na huu ni mwaka wa tatu yuko nyumbani. Lakini nafasi yake haikuchukuliwa na muuza njugu. Kama mtu hana kibali, idara ya uhamiaji ipo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 28, inalinda heshima ya kila mtu, haikusema kila Mkenya.

Kijana huyo hajaonekana tena. Ndoo yake nimeiosha, iko chini ya cherehani yangu. Anayemjua amwambie aje aichukue.

Fundi wa nguo,
Bondeni, Nakuru