"Mama Hafanyi Kitu": Barua kwa Mnaolea Wazee Mjini

Mbukwenyi wanangu.

Nawaandikia ninyi mliowatoa wazazi vijijini mkawaleta Nkuhungu, Ilazo na kwingineko hapa Dodoma mjini. Nia yenu naijua ni njema. Ila nina hasira, na sitaificha.

Wifi yangu ana miaka 74. Kwao Mpwapwa alikuwa anapalilia karanga, anachota maji, anakula ugali wa uwele kwa mlenda. Mwaka jana mwanawe akamleta mjini, akawa anatutambia: "Mama siku hizi hafanyi kitu." Kweli hakufanya kitu. Asubuhi chai ya rangi na mkate. Mchana wali na mchuzi, nyama wanakula wenye meno. Jioni uji mweupe wa sembe, na katikati soda. Kutwa yuko kwenye kochi karibu na dirisha, eti apate jua. Wanangu, kioo kinazuia ile mionzi inayoufanya mwili utengeneze vitamini D, na bila vitamini hiyo kalsiamu ya kwenye chakula, madini yanayojenga mifupa, haifyonzwi vizuri. Dodoma hii, mtu akose jua!

Akateleza kwenye vigae, hatua tatu kutoka bafuni, miguuni kandambili za mjukuu zilizompwaya. Nyonga ikavunjika.

Mimi ni muuguzi mstaafu, wodini nimewalaza wengi wa namna hiyo. Mwanamke akikoma hedhi, homoni iliyokuwa inalinda mifupa hushuka, mifupa ikaanza kuwa myepesi kimyakimya, bila maumivu, mpaka siku ya kuanguka. Na mfupa usiobebeshwa kazi hupungua, msuli nao vivyo hivyo. Kwa hiyo hilo "pumzika mama" lenu linamdhoofisha. Mpeni ungo apepete mtama. Mwacheni aende kwa jirani kwa miguu, arudi na umbea wake. Kufagia uwanja si mateso, ni heshima yake pia.

Chakula chake hakihitaji duka kubwa. Mwanamke aliyevuka miaka 50 anahitaji kama miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Glasi moja ya maziwa, hata mgando, ina takriban 300. Dagaa waliwe na vichwa na miiba yao. Asiye na meno watwangiwe, wakorogwe kwenye mlenda wa karanga. Uji uwe wa ulezi. Mayai, kunde, choroko, na hiyo nyama ikatwekatwe apate na yeye, maana mfupa unajengwa na protini pia. Chumvi ipunguzwe. Sigara na pombe aache. Anayemeza prednisoloni, ile dawa ya kutuliza uvimbe mwilini, kwa muda mrefu amuulize daktari kuhusu mifupa. Bafuni wekeni mpira usioteleza na taa.

Na sisi wa afya tusijifiche. Mtoto tunampima uzito kila mwezi, kadi tunachora. Mzee akikonda tunasema ni uzee, basi, tunampa panado.

Wifi sasa anatembea kwa kushikilia fremu ya wagonjwa. Juzi kaniuliza kwa sauti ndogo kama naweza kumpatia mlenda mkavu, ule wa kwao, maana hapo nyumbani wanaona aibu kuupika. Mwanangu, unajijua. Jumamosi nakuja nao, na dagaa kilo moja. Nikimkuta ndani saa tatu asubuhi, nitamtoa uani mwenyewe, na wewe utabeba kiti.