Mama Rehema, angalia ukuta kwanza

Shoga yangu,

Mwakeye! Sie huku Kigoma wazima, mvua tu ndo haitaki kukata. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili usiku nikakosa usingizi, maana hayo ya Rehema kujikuna mpaka damu na shuka kuamka mbichi kila asubuhi ndo yaleyale yaliyonikuta kwenye kile chumba cha Kibirizi.

Kiangazi ukuta ulikuwa mkavu kabisa. Mvua za Novemba zilipoanza rangi ikatutumka kwa chini, ukigusa plasta inabanduka na chumvi nyeupe kama unga, fundi akaja akaniambia msingi haukuwekwa nailoni kwahiyo tofali zinanyonya maji toka ardhini yanapanda ukutani, hata upake rangi mara kumi yatarudi tu. Na mimi godoro la watoto nilikuwa nimelisukumia hukohuko ukutani ili nipate nafasi. Siku nimeligeuza aisee, chini kote madoa meusi, linanuka kama dagaa waliokosa jua siku tatu. Nililia. Mwanangu analaza shavu hapo kila siku.

Huyo mwanangu alianza na duara moja shingoni, yale mashilingi. Duka la dawa wakanipa krimu ya mchanganyiko, siku mbili muwasho kimya, wiki ya tatu yametapakaa mpaka mgongoni. Daktari wa kituo cha afya akanielewesha kwamba krimu ile ina steroidi, muwasho unatulia lakini fangasi inazidi kusambaa chini kwa chini. Akampa klotrimazoli, dawa ya fangasi, ya kupaka mara mbili kwa siku na niendelee wiki mbili baada ya ngozi kusafika, nisiache eti kwa sababu naona imepona. Tena kumbe ukungu wa ukutani sio huohuo unaoota kwenye ngozi. Unyevu ndo unawalea wote, nguo isiyokauka vizuri na taulo la kushea vinaibeba fangasi ya ngozi, na ule wa ukutani unatoa vumbi hewani linaamsha aleji na pumu.

Sasa kwa Rehema sidhani kama ni fangasi, umesema ni kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, ngozi kavu inakwaruza, na alikuwa nayo tangu mchanga. Hiyo inafanana na pumu ya ngozi na nyumba mbichi inaichochea sana, hata vile vidudu vya vumbi visivyoonekana kwa macho vinapenda godoro lenye unyevu. Rehema daktari anaweza kumwandikia steroidi na ikawa ndo dawa yake sahihi, ndo maana nakwambia usibahatishe dukani, mpeleke aangaliwe, we mpake mafuta mazito mara tu akitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na majimaji. Ila kama nyumba nzima mnajikuna usiku hasa katikati ya vidole, huo upele, mnapaka dawa wote siku moja.

Nyumba nayo uiguse. Kitanda kikae mbali na ukuta, hata kiganja kimoja hewa ipite. Godoro juani kila jua likichomoza, nguo usianike ndani ya chumba mnacholala. Zunguka nje uone kama udongo umepanda kuliko msingi, mwambie mwenye nyumba auchimbe na achonge mtaro maji yaende mbali. Wangu alikataa, nikahama, na sijutii hata kidogo.

Nipigie picha ya ukuta na ya viwiko vyake, piga mchana karibu na dirisha ndo naona vizuri. Jirani anakuja Tabora na treni ya Jumapili, nimempa dumu la mawese lako. Usilirudishe tupu, weka asali.

Wako,
Mama Asha