Shukrani kwa mama wa feri ya Likoni

Mama wa buibui jeusi, ukisoma haya ujue ni wewe. Nilikuwa nalia na karatasi yangu ya matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mkononi: Hisabati D, na ndoto ya udaktari wa meno. Hukunipa pole. Uliniuliza: dawa ya ganzi ya asilimia 2, mililita moja ina miligramu ngapi? Kimya.

“Gramu 2 kwa mililita 100, mwanangu. Gramu 2 ni miligramu 2,000, basi mililita moja ni miligramu 20. Kichupa cha mililita 1.8 ni 36. Hesabu yetu sisi wa meno kila siku ndiyo hiyo.”

Miaka minne darasani sikuwahi kuelezwa hivyo! Sasa narudia mtihani. Feri ilipofika ukapotelea kwenye matatu za Ukunda, hata jina sikukuuliza. Ahsante sana, mamangu. Kitambaa chako ninacho, nimekifua.