Shangazi, miguu yako haijategwa

Shikamoo shangazi.

Najua simu yako ni ya tochi, na barua hii utasomewa na binti yako jioni, mkishafunga hesabu za samaki. Mwambie asiruke mahali.

Jumapili ulinyoosha miguu mkekani, nikakubonyeza juu ya kifundo kwa dole gumba. Nilipoondoa kidole, shimo likabaki. Nikahesabu hadi ishirini, bado lipo. Ukacheka, ukasema umekanyaga dawa uliyotegewa na wenzako pale mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki. Mimi nilikuwa naangalia shingo yako: mshipa umetuna kama kamba ya nyavu, na ulikuwa umekaa tu, hujabeba hata ndoo.

Daktari alipomaliza kipimo cha eko, ile picha ya moyo, alisema moyo umechoka upande wa kulia. Njiani ukaniuliza, "Kwani moyo una pande ngapi?" Nilikujibu ovyo, tulikuwa tunakimbilia daladala. Nikujibu sasa.

Ni pampu mbili zilizoshikana. Ya kulia hupokea damu iliyokwisha kutumika mwilini na kuisukuma mapafuni ikachukue hewa; ya kushoto huipokea kutoka huko na kuisambaza mwili mzima. Sasa kumbuka mwaloni siku magari ya kubeba dagaa yamekwama. Mitumbwi ya visiwani haina habari, inazidi kuja, mpaka foleni inafika majini. Damu yako ndivyo ilivyo. Mapafu yako yamekula moshi wa kuni tangu usichana wako, kwenye chanja za kubanikia sangara. Mishipa yake imebana, na upande wa kulia umesukuma kwa nguvu miaka mingi mpaka ukatanuka na kulegea. Foleni ikarudi nyuma: shingoni, kwenye ini, tumboni, miguuni. Maji yanachuja nje ya mishipa, na ukishinda umesimama yanashuka. Ndiyo maana asubuhi una nafuu, jioni ndala hazivaliki.

Yale maumivu chini ya mbavu za kulia uliyoyaita vidonda vya tumbo ni ini lililojaa damu. Kushiba kwa matonge mawili ni hilohilo.

Si wote huupata ugonjwa huu kwa moshi. Wengi huanza na moyo wa kushoto kushindwa, mzigo ukamwelemea jirani yake. Wengine ni makovu ya kifua kikuu cha zamani. Na daktari alipouliza kama umewahi kuugua kichocho hakuwa anakuchokoza: mayai ya mdudu yule wa ziwani yanaweza kufika hadi kwenye mishipa ya mapafu na kuiharibu.

Sasa dawa ya kukojoza, ambayo ndiyo ugomvi wetu. Uliiacha wiki mbili kwa kuwa miguu ilinywea, na kwa kuwa ilitaka kukuaibisha kwenye kivuko. Shangazi, miguu ilinywea kwa sababu ulikuwa unaimeza! Inatoa maji tu, moyo haijauponya. Siku ya safari tumuulize daktari kama unaweza kuimeza ukishafika, usijikatie shauri. Na zile diklofenaki unazonunua kwa ajili ya magoti zinaufanya mwili ushike maji. Aliyekuuzia hakukuuliza kitu, bado nina hasira naye.

Kayabo, ile samaki ya kukaushwa kwa chumvi, achana nayo, hata ukiiloweka usiku kucha. Chumvi ya siku nzima haitakiwi kufika kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni kwa mtu mzima mwenye afya. Sato mbichi wa kuchemsha na ndimu hajawahi kumdhuru mtu.

Jumamosi nakuja na mizani ya kusimama, maana ile yako ya kuning'inizia sangara haitakufaa. Utapima kila asubuhi ukishatoka chooni, kabla ya chai, binti aandike nyuma ya daftari la madeni. Ukiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu hujanenepa, ni maji, nipigie. Ila ukishindwa kupumua usiku usihangaike na simu yangu, mwamshe binti mwende hospitali.

Na chanja waachie vijana. Wewe kaa kwenye kuuza, ambako hata hivyo hakuna anayekuweza.