XHTML ilikufaje, kaka

Mambo Hamisi,

Lile swali lako kwamba ilikuwaje HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, na fujo zake zote ikaishinda XHTML, ndugu yake iliyonyooka, nimeona nikuandikie maana kwenye simu tungekatizana maneno tu. We unaamini kilicho bora ndo kinashinda, mi sikubali bana. Wale W3C, shirika la viwango vya wavuti, walitoa XHTML 1.0 mwaka 2000, wakitaka ukurasa ufuate sheria za XML, ule mfumo mkali wa kupanga data kwa alama, yaani ukisahau kufunga tegi (alama kama <p>) moja tu brauza igome, ikuletee meseji ya kosa. Sasa mteja anaandika maoni yake, alama moja inakaa vibaya, ukurasa mzima chali! Nani ataweka duka lake humo? HTML ya zamani ukikosea inakustiri, inakisia ulichotaka inaendelea na safari.

Ila urahisi peke yake haukutosha, na hapa ndo penyewe. Internet Explorer, brauza ya Microsoft ambayo kipindi hicho ilikuwa kwenye kompyuta za karibu kila mtu, haikusoma XHTML iliyotumwa kama XML mpaka toleo la 9 mwaka 2011, kwa hiyo watu walikuwa wanaandika XHTML halafu wanaituma kama HTML ya kawaida, kiini macho tu. W3C nao hao, wakaenda zao na XHTML 2 ambayo hata haiendani na kurasa zilizokuwepo! Mwaka 2004 Mozilla na Opera, watengeneza brauza, wakawapelekea W3C pendekezo la kuiboresha HTML iliyopo, likapigiwa kura likaanguka, hawakubembeleza mtu, siku chache tu wakaibuka na WHATWG, kikundi chao wenyewe cha viwango, pamoja na Apple na huko ndo ikatoka HTML5, toleo jipya la HTML. 2009 W3C wakatangaza XHTML 2 basi, na 2019 wakakubali kabisa kwamba HTML inaandikwa na WHATWG. Wenye brauza ndo wenye funguo.

Hata JPEG XL, ile fomati ya picha, ni hivohivo, Google wakaiondoa kwenye brauza yao ya Chrome mwanzoni mwa 2023, eti haijavutia watu vya kutosha, wakati ilikuwa bado imefichwa nyuma ya swichi ya majaribio, sasa watu wangeipendea wapi?

Kwa hiyo hiyo fomati mpya unayoitengeneza, kabla hujaandika chochote cha maana, hakikisha inafunguka kwa JavaScript ya kawaida, lugha ya programu ambayo brauza tayari zinaiendesha, kwenye brauza za sahivi, ukisubiri wakuwekee wao utazeeka. Nitumie ulipofikia niicheki wikendi, na shemeji msalimie sana.

Wako,
Idi